Barafuto ya Pine Island haina msonobari

Nimekwisha kusoma mara kadhaa kwamba huko Antaktiki Magharibi kuna "Barafuto ya Kisiwa cha Misonobari", tafsiri ya jina la Kiingereza Pine Island Glacier, na kila mara hujiuliza kama mwandishi alisita hata kidogo kuufikiria msonobari ukiota pale.

Barafuto, neno lililoundwa kwa kuunganisha barafu na mto, ni tungamo la barafu itokanayo na theluji iliyoshindiliwa miaka na miaka, ambalo huteremka polepole kwa uzito wake lenyewe. (Barafu tuliipata kwa Waajemi, ambao kwao barf ni theluji; si mbali sana na ukweli wa mambo.) Likimeguka pande na kuelea baharini, hilo ni siwa barafu, si barafuto tena.

Pine Island ilikuwa meli ya jeshi la majini la Marekani, ya kuhudumia ndege zinazotua majini, iliyoshiriki msafara wa Antaktiki wa 1946–1947. Ghuba ilipewa jina la meli hiyo, na barafuto inayomiminikia ghubani ikalifuata. Anayelitafsiri jina hilo huifuta meli na kupanda miti.

Kosa hili lina ndugu yake. Husemwa kuwa Mlima Erebus, volkeno iliyo hai huko huko Antaktiki, uliitwa hivyo kwa sababu ya moto wake, kwa kuwa Erebus ni giza la kuzimu katika hadithi za Wagiriki. Ukweli ni kwamba James Clark Ross, nahodha mpelelezi Mwingereza, alipofika mwaka 1841, aliipa milima miwili majirani majina ya meli zake mbili, Erebus na Terror. Na hiyo Terror, ambayo wengine wangependa kuiita "Mlima wa Hofu", ilikuwa imekwisha kuushambulia mji wa Baltimore, Marekani, mwaka 1814, kabla mtu yeyote hajauona mlima wenyewe.

Antaktiki haikuwa na wenyeji wa kuulizwa majina, hivyo wageni walilipa fadhila kwa ramani. Mpelelezi Ernest Shackleton, mwaka 1908, aliiita barafuto kubwa aliyoipanda Beardmore, kwa heshima ya mwenye viwanda wa Uskoti aliyemfadhili, wala si kwamba Beardmore ndiye aliyeigundua.

Kwa hiyo, ndugu mwandishi, liache Pine Island lilivyo, na ukiona msomaji atatatizika, ongeza tu kwamba ni jina la meli.