Uwiano wa gia za baiskeli: pedeli moja, mita ngapi?

Muuzaji anayetaka kuisifu baiskeli yake husema ina gia 21. Idadi hiyo haimjibu mnunuzi swali linalomhusu hasa: akiwa na gunia au mtoto kwenye keria, mlima wa kwenda nyumbani ataupanda akiwa ameketi, au atashuka na kusukuma? Jibu limo kwenye uwiano wa gia, na kwa mtu anayeendesha kwenda kazini, sokoni au shambani, huo ndio wa kuuliza kwanza, kabla ya rangi na idadi ya gia.

Uwiano wa gia ni meno ya gia ya mbele yakigawanywa kwa meno ya gia ya nyuma. Ya mbele ni ile sahani yenye meno iliyoshikana na pedeli. Ya nyuma iko katikati ya gurudumu, na mafundi wengi huiita friwili. Zile baiskeli nyeusi za mizigo, Phoenix na za jamii yake, mara nyingi huwa na meno 44 hadi 48 mbele na 18 hadi 20 nyuma. Chukua 46 kwa 18: unapata takriban 2.56. Yaani pedeli zikizunguka mara moja, gurudumu linazunguka mara mbili na nusu na ushei. Gurudumu la inchi 28 lina mzingo wa karibu mita 2.2, kwa hiyo kila mzunguko wa pedeli unaisogeza baiskeli mita 5.6.

Hiyo namba ya mwisho, mita kwa mzunguko mmoja, ndiyo ningependa kila mwendesha baiskeli aijue. Kuipata hakuhitaji hata kuhesabu meno. Simamisha baiskeli mahali tambarare, pedeli moja ikiwa chini kabisa, na uchore mstari pale tairi la nyuma linapogusa ardhi. Kisha irudishe baiskeli kinyumenyume taratibu. Friwili hukamata ikirudi nyuma, hivyo pedeli nazo zitazunguka. Pedeli ile ikifika tena chini, chora mstari wa pili na upime kati ya mistari hiyo miwili. Mita nyingi maana yake gia nzito, mita chache maana yake gia nyepesi.

Sasa tuiweke kwenye miguu. Mtu asiye mwanamichezo hukanyaga bila kujilazimisha kama mizunguko 50 hadi 70 kwa dakika. Kwa mita 5.6 na mizunguko 60, anakwenda kama kilomita 20 kwa saa. Kwenye tambarare za Shinyanga, bila mzigo na bila upepo wa mbele, hiyo ni gia inayofaa, na si ajabu baiskeli za namna hii zimedumu huko miaka mingi.

Ipeleke baiskeli hiyohiyo Iringa, uanze kupanda kutoka Ipogolo kwenda mjini. Chukulia mlima unaoinuka mita 5 kwa kila mita 100, na mtu, baiskeli na mzigo vikiwa kilo 125 kwa jumla. Mtu mzima mwenye afya ya kawaida anaweza kutoa nguvu ya kama wati 100 kwa muda mrefu. Kwa nguvu hiyo, mlima huo anaupanda kwa karibu kilomita 5 kwa saa, yaani mita 80 kwa dakika. Gawanya 80 kwa 5.6 upate mizunguko 14 ya pedeli kwa dakika. Kila mzunguko unachukua zaidi ya sekunde nne! Hapo baiskeli inayumba, magoti yanabeba kila kitu, na mtu anashuka kusukuma. Watu humwona amechoka au mzembe, kumbe miguu yake haina tatizo, ila gia haikumfaa. Mpe gia ya mita 2 kwa mzunguko, na kwa nguvu ileile, kwa mwendo uleule, atakanyaga mara 40 kwa dakika akiwa ameketi. Hatafika haraka zaidi, lakini atafika na magoti yake.

Hapa ndipo mantiki ya mashindano inapompotosha mtu wa kawaida. Baiskeli za mashindano zimezoeleka kuwa na meno 53 mbele na 11 nyuma kwa gia yao nzito kabisa, zaidi ya mita 10 kwa mzunguko. Kuzungusha gia hiyo mara 90 kwa dakika ni mwendo wa kilomita 54 kwa saa. Nani anakwenda sokoni kwa mwendo huo? Hata hivyo wanunuzi wengi huvutiwa na sahani kubwa ya mbele kwa kuwa inaonekana ya kiume na ya kasi, kisha wanaishi nayo mlimani.

Historia yenyewe iko upande wa wasioshindana. Mfaransa Paul de Vivie, wa mji wa Saint-Étienne uliozungukwa na milima, alizitetea gia za kubadilisha kwa ajili ya wasafiri wa kawaida tangu mwanzoni mwa karne ya 20. Henri Desgrange, mwanzilishi wa Tour de France, alizikataa kwa miaka mingi, akiamini ushindi uwe wa misuli. Gia za kuhamisha cheni ziliruhusiwa katika mbio hizo mwaka 1937 tu.

Na zile gia 21? Ni sahani tatu mbele mara meno ya aina saba nyuma. Tuseme mbele kuna 28, 38 na 48, na nyuma zinaanzia 14 hadi 28, ikiwemo ya 24. Ukiweka 28 mbele na 14 nyuma, uwiano ni 2. Ukiweka 48 mbele na 24 nyuma, uwiano ni 2 tena. Gia nyingi hujirudia hivyo, na nyingine hupindisha cheni vibaya na kuila. Kilicho na thamani ni ncha moja tu: 28 kwa 28, ambayo kwenye gurudumu la inchi 26 inatoa kama mita 2 kwa mzunguko. Friwili yenye meno 34 kwa gia kubwa kabisa ni bora zaidi, kwani inashuka hadi mita 1.7.

Kwa hiyo chagua ukianzia gia nyepesi kabisa. Fikiria mlima mkali kuliko yote unaoupita kila wiki, na mzigo mkubwa kuliko yote unaoubeba. Kwenye tambarare, gia moja ya mita 4.5 hivi inatosha kabisa, na wengi wangefurahi zaidi nayo kuliko hiyo ya 5.6. Penye vilima bila mzigo, tafuta gia nyepesi isiyozidi mita 3. Penye vilima na mzigo, mita 2 au pungufu. Kwa gia nzito kabisa, mita 6 zinatosha kila mtu. Kwenye mteremko acha kukanyaga, baiskeli itashuka yenyewe.

Kwenye vumbi na matope, gia za kuhamisha cheni zinahitaji kusafishwa na kurekebishwa mara kwa mara. Gia tatu za ndani ya gurudumu, kama za Sturmey-Archer, hufichwa zisiguswe na vumbi, lakini gia yake nyepesi hupunguza robo tu ya ile ya kati. Shirika la World Bicycle Relief, linalojulikana kwa baiskeli za Buffalo, lilileta mwaka 2023 baiskeli ya gia mbili yenye cheni mbili. Unarudisha pedeli nyuma kidogo, gia inabadilika, bila waya wowote. Naiona ni fikra sahihi: gia mbili zilizochaguliwa kwa mzigo na mlima zina faida kuliko 21 za kuuzia.

Mwenye baiskeli ya gia moja hana haja ya kununua nyingine. Mwambie fundi atoe friwili ya meno 18 aweke ya 20 au 22. Kwa 46 mbele na 22 nyuma, mita 5.6 zinashuka hadi 4.6, na mlima mdogo uliokuwa unakushusha utaupanda. Ukienda 20, mara nyingi cheni ileile inatosha kwa kusogeza gurudumu mbele kidogo. Ukienda 22, huenda cheni ikahitaji kurefushwa. Ikiwa cheni ni kuukuu, badilisha vyote pamoja, maana cheni iliyolegea huruka kwenye meno mapya, na huruka pale unapokanyaga kwa nguvu mlimani.