Je, wajua kwa nini bomba la mafuta ya Uganda lilikwenda Tanga badala ya Lamu?

Agosti 2015, Rais Uhuru Kenyatta alipozuru Uganda, yeye na mwenyeji wake Yoweri Museveni walikubaliana kwamba mafuta ghafi ya Uganda yangepita njia ya kaskazini: kutoka Hoima, kuvuka mpaka, kupitia Lokichar huko Turkana, hadi Lamu. Masharti yalikuwepo (usalama, fedha, gharama ya kusafirisha kila pipa), lakini Nairobi walishangilia kama mambo yamekwisha. Miezi minane baadaye, tarehe 23 Aprili 2016, kwenye mkutano wa nchi za Ushoroba wa Kaskazini uliofanyika Kampala kwenyewe, Uganda ikatangaza kwamba bomba linakwenda Tanga.

Wapo wanaosema Tanga ilikuwa rahisi zaidi, basi. Wapo wanaosema Magufuli alimzidi Uhuru ujanja. Mimi naona hizo ni sababu za juu juu. Ili kuelewa kilichotokea inabidi kuanzia kwenye mafuta yenyewe, kisha kwenye kampuni zilizoyachimbua, na ndipo tufike kwa marais.

Mafuta ya Bonde la Albertine, yaliyothibitishwa mwaka 2006 kando ya Ziwa Albert, yana nta nyingi. Katika joto la kawaida hayatiririki. Huganda kama mafuta ya nazi asubuhi ya baridi. Kwa hiyo bomba lake lazima lipashwe joto njia nzima, mafuta yabaki juu ya nyuzi 50 za Selsiasi tangu yanapoingia hadi yanapopakiwa melini. Urefu wake ni kilomita 1,443, na ndilo bomba refu kuliko yote duniani yanayopashwa joto. Kipenyo ni inchi 24, vituo vya kusukuma ni sita, viwili Uganda na vinne Tanzania. Pale Sojo, wilayani Nzega, kilijengwa kiwanda cha kuyavisha mabomba koti la kuhifadhi joto kabla hayajafukiwa ardhini.

Bomba la namna hiyo ni ghali kulijenga na ghali kuliendesha. Kila mlima unaongeza kazi ya kusukuma, na kila kilomita inaongeza umeme wa kupasha. Mafuta nayo si mengi kiasi cha kubeba gharama yoyote ile: katika mapipa bilioni 6.5 yanayokadiriwa kuwa chini ya ardhi, yanayoweza kutolewa ni kama bilioni 1.4. Ndiyo maana mjadala mzima wa 2015 na 2016 uligeuka kuwa mjadala wa bei ya kusafirisha pipa moja. Tanzania ilikubali dola 12.2 kwa pipa, na Kampala ikaishikilia namba hiyo kama kigezo.

Sasa njooni kwa kampuni. Wakati huo wabia wa Uganda walikuwa watatu: Tullow ya Uingereza, Total ya Ufaransa na CNOOC ya China. Tullow ilikuwa na jambo moja ambalo wenzake hawakuwa nalo. Machi 2012 ilipata mafuta katika kisima cha Ngamia 1, Turkana, na Rais Mwai Kibaki mwenyewe akatangaza habari hiyo kwa Wakenya. Mafuta ya Turkana peke yake hayakutosha kulipia bomba hadi baharini. Yakichanganywa na ya Uganda, hesabu inabadilika. Kwa Tullow, njia ya Lamu ilikuwa sawa na kuwasha taa mbili kwa kiberiti kimoja. Total haikuwa na haja hiyo. Ilitazama ramani ya Turkana, Isiolo na Garissa, ikatazama Lamu, ikapendelea kusini.

Na Lamu ya miaka hiyo haikuwa rahisi kuitetea. Juni 2014 mji wa Mpeketoni, katika kaunti hiyo hiyo, ulishambuliwa na al-Shabaab na watu kadhaa wakauawa. Bandari ambayo Kibaki, Salva Kiir na Meles Zenawi waliizindua kwa jiwe la msingi Machi 2012 ilikuwa bado inajengwa. Ardhi nayo: nchini Kenya, kila mahali ambapo serikali inatangaza mradi mkubwa, wenye fedha hutangulia kununua viwanja ili walipwe fidia. Wenzetu wa reli ya kisasa wanaujua mchezo huo vizuri. Tanzania ardhi yote ni ya umma na Rais ndiye mdhamini wake. Kwa mwananchi hilo lina machungu yake, lakini kwa mjenzi wa bomba ni unafuu.

Tanga ilikuwa na bandari iliyokuwa ikifanya kazi tangu zama za Wajerumani, na kando yake kuna rasi ya Chongoleani, penye kina cha kutosha meli kubwa kukaribia. Isitoshe, Tanzania haikuwa mgeni wa kupitisha mafuta ya jirani. TAZAMA, bomba la kilomita 1,710 kutoka Dar es Salaam hadi Ndola, lilianza kazi mwaka 1968, baada ya Rhodesia kujitangazia uhuru wake wa Wazungu na Zambia kubanwa kusini. Nchi isiyo na bahari ilitafuta mlango mwingine, na mlango huo ukawa Tanzania.

Hapo ndipo naona kiini cha jambo. Uganda nayo inajua maana ya kuwa na mlango mmoja. Mwanzoni mwa 2008, Kenya ilipowaka baada ya uchaguzi, reli iling'olewa Kibera, malori yakakwama, na Kampala petroli ikapanda bei hadi watu wakaacha magari nyumbani. Karibu kila kitu kilichoingia Uganda kilipitia Mombasa. Mtu akishapitia hayo halafu aambiwe kwamba hata mafuta yake mwenyewe ya kuuza yatoke kwa mlango ule ule, atasita. Nadhani namba za gharama zilipotoka zikiipendelea Tanga, Kampala ilikuwa na sababu ya kuzipokea bila kuzibishia sana.

Kulikuwa na siasa pia, na hapa Watanzania wengi wana kumbukumbu ndefu. Mwaka 2013 Kenya, Uganda na Rwanda zilianza kukutana peke yao kupanga reli, bomba, viza ya pamoja na mengineyo, wakajulikana kama muungano wa walio tayari. Tanzania na Burundi hazikualikwa. Novemba mwaka huo Rais Jakaya Kikwete alisimama bungeni Dodoma kueleza kwamba Tanzania haitoki Jumuiya ya Afrika Mashariki, na kwa sauti ya mtu aliyenuniwa bila kuambiwa kosa lake. Miaka miwili haijaisha, Oktoba 2015, Uganda ikatia saini hati ya makubaliano na Tanzania ya kuichunguza njia ya Tanga. Wakati huo makubaliano ya Agosti na Kenya hayajatimiza hata miezi mitatu. Magufuli, aliyeapishwa Novemba, aliikuta mbegu imeshafukiwa. Sifa yake ni kuimwagilia kwa kasi: mwanzoni mwa Machi 2016, pembeni ya kikao cha Jumuiya jijini Arusha, yeye na Museveni wakatangaza nia yao hadharani.

Mwezi huo huo ukatokea mkasa ambao Wakenya bado wanausimulia. Wataalamu wa nchi hizo walikuwa wakizungukia bandari zinazoshindanishwa. Ujumbe wa Kenya, akiwemo waziri wa nishati Charles Keter, ulipotua Tanga ukazuiwa uwanja wa ndege, pasipoti zikachukuliwa, na bandari hawakuiona. Magazeti ya Nairobi yalichemka. Kwa upande wa Tanga lilikuwa jambo la wageni ambao hawakupiga hodi. Tusijifanye kwamba kisa hicho ndicho kilichoamua njia, lakini kilionyesha jinsi mradi wa mafuta ulivyokuwa umeshageuka ushindani wa mataifa.

Kwenye hotuba, Museveni hupenda kukumbusha kwamba alisoma Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na kwamba jeshi la Tanzania ndilo lililomng'oa Idi Amin mwaka 1979. Ni kweli, na inapendeza kusikilizwa. Ila undugu haupunguzi nta kwenye mafuta, na Total haikuwekeza kwa sababu ya vita vya Kagera.

Baada ya hapo mambo yalikwenda kwa mwendo wa serikali. Agosti 2017 Magufuli na Museveni waliweka jiwe la msingi Chongoleani. Kisha miaka ikapita kwenye mabishano ya kodi kati ya Uganda na kampuni, hadi Tullow ikachoka na kuiuzia Total hisa zake mwaka 2020 kwa dola milioni 575. Aprili 2021 Rais Samia Suluhu Hassan alikwenda Entebbe kushuhudia mikataba ikisainiwa, ikiwa ziara yake ya kwanza nje ya nchi tangu aapishwe. Februari 2022 uamuzi wa mwisho wa kuwekeza ukatangazwa. TotalEnergies, jina jipya la Total, ina asilimia 62 ya bomba, Uganda na Tanzania kupitia mashirika yao ya mafuta zina 15 kila moja, na CNOOC ina 8.

Kufikia hapo swali la njia lilikuwa limekwisha, lakini mjadala wa wananchi ndio kwanza ulikuwa umeanza. Kati ya kilomita 1,443, kilomita 1,147 ziko Tanzania, katika mikoa minane: Kagera, Geita, Shinyanga, Tabora, Singida, Dodoma, Manyara na Tanga. Mkuza wa bomba una upana wa mita 30. Kwenye ramani ni uzi mwembamba, lakini kwa mwenye ekari mbili unaweza kuwa shamba lake lote. Kaya zaidi ya elfu kumi na tatu katika nchi zote mbili ziliguswa, na huko vijijini neno "waguswa" sasa lina maana moja tu. Wengi mali zao zilithaminiwa 2018 na 2019, wakaambiwa wasipande mazao ya kudumu wala kujenga kitu kipya kwenye eneo hilo, kisha fidia ikaanza kuwafikia kuanzia 2021. Katika miaka hiyo ya kungoja bei ya ardhi ya jirani haikungoja. Kuna makaburi yaliyohamishwa, na kuna jamii kama Wabarbaig, Wamasai na Waakie ambazo ardhi kwao ni malisho na matambiko, vitu ambavyo mthamini hana safu yake kwenye fomu. Wajenzi wanasema waliohamishwa kabisa walijengewa nyumba, na nyumba hizo zipo, za matofali na mabati. Wanaoulizwa wanataja zaidi muda uliopotea.

Upande wa mazingira, hofu kubwa ni kwamba sehemu kubwa ya njia iko ndani ya bonde la Ziwa Victoria, na kwamba baadhi ya visima vya Tilenga, mradi wa uchimbaji wa Total nchini Uganda, viko ndani ya Hifadhi ya Murchison Falls. Septemba 15, 2022, Bunge la Ulaya lilipitisha azimio likiitaka Total iahirishe mradi kwa mwaka mmoja ili itazamwe njia nyingine. Kampala ilijibu kwa hasira, naibu spika Thomas Tayebwa akilitaja kuwa ubeberu mpya. Hasira hiyo ilipata wasikilizaji wengi Afrika Mashariki, maana mwaka huo huo Ujerumani ilikuwa ikifufua mitambo yake ya makaa ya mawe baada ya gesi ya Urusi kukatika. Lakini hoja ya ubeberu nayo ilitumika kufunika mengine. Wanafunzi walioandamana Kampala Oktoba 2022 wakikamatwa na polisi walikuwa Waganda, na kesi iliyofunguliwa Mahakama ya Afrika Mashariki, Arusha, ilifunguliwa na mashirika ya Kiafrika. Mahakama iliitupa Novemba 2023 kwa kuwa iliwasilishwa nje ya muda, bila kuingia kwenye undani wa madai.

Kampeni hiyo haikulisimamisha bomba, ila ililifanya ghali. Benki nyingi kubwa za Ulaya zilijitoa, na wanahisa wakalazimika kuchangia zaidi kutoka mifukoni mwao. Machi 2025 sehemu ya kwanza ya mikopo ilipopatikana, waliokopesha walikuwa Afreximbank, Standard Bank ya Afrika Kusini na tawi lake la Stanbic Uganda, taasisi ya fedha ya Kiislamu ya ICD, pamoja na KCB Uganda. Ndiyo, KCB, benki yenye makao Nairobi. Kenya ilishindwa kwenye siasa za njia, lakini biashara ya mkopo haikuwa na kinyongo.

Na ule mlango wa pili? Uganda imeendelea kuuhitaji. Mwishoni mwa 2023 ilizozana na Kenya juu ya nani aiagizie petroli na dizeli, ikafika hadi kuishtaki Nairobi katika mahakama ile ile ya Arusha, na mapatano yakapatikana 2024. Petroli bado inaingia zaidi kupitia Mombasa. Ghafi itatoka kupitia Tanga, lengo la kuanza likiwa limesogezwa mara kadhaa hadi 2026.

Waliolipia zaidi uamuzi wa Aprili 2016 labda ni watu wa Turkana. Kenya ilitangaza siku hiyo kwamba itajenga bomba lake yenyewe kutoka Lokichar hadi Lamu. Mwaka 2018 malori yalianza kubeba mafuta ya Lokichar kwenda Mombasa kwa majaribio, na Agosti 2019 shehena ya kwanza ikasafirishwa kwenda nje. Kisha kimya. Mwaka 2023 Total, iliyokuwa imeingia Turkana baadaye kama mbia wa Tullow, na mbia mwingine Africa Oil zikaondoka, na 2025 Tullow ikaiuzia Gulf Energy visima vyake na kufunga virago. Bila mapipa ya Uganda ya kugawana gharama, bomba la Lokichar halijapata mtu wa kulilipia hadi leo.