Mbegu kali, mbegu kali: ng'ombe mwenyewe umemwangalia?

Juzi, adhana ya alfajiri haijaisha, simu inaita. Mama mmoja wa Madale. "Daktari, ng'ombe analia toka saa nane usiku. Njoo, na uje na mbegu kali, ile ya lita 40." Shikamoo mama, ng'ombe mwenyewe yukoje? Kimya kidogo. "Yukoje kivipi, baba? Si ng'ombe!"

Huyo alikuwa wa nne ndani ya wiki moja, ndiyo maana naandika badala ya kulala. Na mimi si daktari, ni mhimilishaji: ng'ombe akilia kutaka dume, nampandisha kwa mbegu za dume zilizogandishwa. Ila Dar ukishafunga mtungi wa nitrojeni nyuma ya pikipiki tayari umekuwa daktari.

Dume halina maziwa. Hizo lita 40 kwa siku ni za binti zake, waliokamuliwa huko Uholanzi au Marekani, kwenye banda lenye feni, wakila chakula kilichopimwa kwa mizani. Dume linampa ndama nusu ya urithi wake. Nusu nyingine umeifunga hapo uani kwako chini ya mwembe, na hakuna anayeniuliza habari zake. Mimi naanza na hiyo ya chini ya mwembe.

Naanza na nyonga. Miaka ya mwanzo ya kazi hii niliitwa Goba kwa mtamba mdogo, jike ambaye hajawahi kuzaa. Mwenye mali alitaka Friesian, wale wakubwa wa mabaka meusi na meupe, nami nilikuwa na Friesian kwenye mtungi, nikaweka nikaondoka. Miezi tisa na siku kadhaa baadaye naitwa usiku. Miguu miwili ya mbele iko nje, pua inachungulia, ulimi umelala pembeni, umevimba, rangi yake kama ya mtu aliyekula zambarau. Tulivuta watu watatu kwa kamba ya manila na mafuta ya kupikia. Mtamba alipona, ndama hakupona. Mwenye mali akalaumu mbegu. Mbegu haikuwa na kosa, kosa lilikuwa langu. Ndama wa Friesian huzaliwa na kilo 40 hivi, wa Jersey, zao dogo la maziwa, kama 25, na mimi sikuipima ile nyonga hata kwa macho. Siku hizi mtamba mdogo anapata Jersey, au dume ambalo rekodi zake zinaonyesha ndama wake hutoka bila taabu, au anasubiri akue. Ukikasirika, kasirika.

Kiwele nitakipitia haraka. Kama kimeshuka mpaka magotini, tafuta dume ambalo binti zake wana kiwele kilichoshikwa juu. Rekebisha kasoro moja kubwa kwa kila uzao, usitake zote kwa mkupuo. Dume la jirani la kukodi mnajua maoni yangu: linapanda mtaa mzima bila kupimwa, halafu mnashangaa mimba zinatoka.

Sasa hapa ndipo ninapochoka kabisa: damu. Chotara wa kwanza, nusu wa kienyeji nusu wa kizungu, huwa na nguvu isiyotoka kwa mzazi mmoja peke yake. Anahimili, anazaa, anakamuliwa. Mwenyewe anafurahi, anasema tuongeze. Tunaweka Friesian, binti anakuwa asilimia 75. Tunaongeza tena, 87.5. Kwenye karatasi ni ngazi ya kupanda mbinguni. Uani ni hadithi nyingine. Nenda Kibamba au Chanika saa saba mchana mwezi wa pili, joto na unyevu vimekaba, umwangalie huyo wa 87.5. Mdomo wazi, udenda unachuruzika, anahema kama amekimbizwa, majani hajayagusa. Kumeng'enya majani kwenyewe kunaleta joto mwilini, kwa hiyo anaacha kula ili apoe, na asipokula hayo maziwa yatoke wapi? Joto lake la kutaka dume nalo linakuwa la kimya, linapita usiku mmelala, unapoteza siku 21 nyingine. Na kupe mmoja mwenye ugonjwa wa ndigana kali anamlaza moja kwa moja. Halafu naambiwa mbegu yangu ilikuwa dhaifu.

Kwa ng'ombe wa namna hiyo, anayelishwa majani ya kununua kwa kiroba na pumba kidogo, napendekeza turudi nyuma hatua moja: Jersey, au hata Sahiwal, zao la maziwa la nchi za joto. Mwili mdogo, mlo mdogo, joto analihimili vizuri zaidi. Hapo naangaliwa kama nimemtukana mtu, kwa sababu watu wanataka mabaka meusi na meupe. Nimeshamwona ng'ombe wa mabaka akitoa lita tano na mwenyewe bado anapiga naye picha.

Nikiri lakini. Maziwa ya Jersey yana mafuta mengi, ila mnunuzi wa Dar anapima kwa lita, hapimi mafuta, kwa hiyo usiponiuliza bei ya mtindi na samli hoja yangu inapwaya. Jersey pia huugua sana homa ya maziwa, yaani kupungukiwa kalsiamu mwilini, baada ya kuzaa, na dume lake halina nyama ya maana. Jambo jingine linanisumbua zaidi: hata ninaposoma namba za dume kwenye katalogi, binti waliozitoa waliishi kwenye baridi. Huenda dume la kumi kule ndilo la kwanza hapa Pugu. Wengi wetu hatuandiki rekodi, kwa hiyo nachagua jicho moja likiwa limefumba.

Na undugu je? Kila mrija wa mbegu umeandikwa zao, jina na namba ya dume. Ukishapandisha, omba ule mtupu, uubandike kwenye daftari. Usipofanya hivyo, miaka mitatu baadaye nitakuja na mbegu za dume lile lile nimpandishe binti yake, na ndama atakuwa na asilimia 25 ya kurithi nakala ileile ya kila chembe ya urithi mara mbili. Nakala mbaya zikikutana ndipo mambo yanapoharibika. Kulikuwa na dume la Kimarekani, Pawnee Farm Arlinda Chief, lililozaliwa 1962. Hilo lilikuwa mbegu kali kweli, si ya vijiweni, na lilikuwa na binti zaidi ya 16,000. Mwilini mwake lilibeba chembe inayoua mimba changa ikitoka kwa baba na kwa mama kwa pamoja. Ilikuja kugundulika miaka ya 2010, wakati damu yake imeshaenea duniani.

Madale nilifika saa mbili. Ng'ombe mkubwa, karibu Friesian mtupu, anahema na jua halijachoma. Mrija uliompandisha mama wa ng'ombe huyu haukuhifadhiwa, bila shaka. Nikatoa Jersey kwenye nitrojeni, nyuzi 196 chini ya sifuri, nikauchovya kwenye chupa ya maji ya nyuzi 37, nikahesabu mpaka 40, nikaufuta, nikakata ncha, nikaupakia kwenye bunduki ya kupandishia na kuificha ndani ya shati isipoe.

"Rangi itakuwaje?" akauliza mama, nikiwa mkono mzima ndani.

Nikamwambia chotara wa Jersey na Friesian mara nyingi hutoka mweusi.

"Basi majirani tutawaambia Friesian," akasema, akaupokea mrija mtupu, akauchomeka nyuma ya kalenda jikoni.