Viatu vya kazi kwa anayesimama kutwa: maswali na majibu

Muuguzi wa wodini, mwalimu, mlinzi wa getini, mpishi, msusi, muuza duka: wote hawa humaliza siku wakiwa wamesimama, na wengi wao huyachukulia maumivu ya miguu kuwa sehemu ya ajira. Sehemu kubwa ya maumivu hayo inaepukika. Majibu yafuatayo yanaanzia kwenye mguu wenyewe kabla ya kufika dukani.

Mbona kusimama palepale kunanichosha kuliko kutembea?

Moyo husukuma damu mpaka kwenye vidole vya miguu, lakini ili damu hiyo ipande tena inahitaji msaada wa misuli ya shavu la mguu. Kila unapopiga hatua misuli hiyo hujikaza na kuikamua mishipa ya vena, damu ikapanda. Ndani ya vena mna vali ndogo zinazoizuia isirudi chini. Ukisimama bila kusogea, kazi hiyo inasimama nayo. Damu inatuama, maji yanavuja kutoka kwenye mishipa na kuingia kwenye nyama, na jioni ukivua soksi unakuta alama yake imechimba juu ya kifundo. Wakati huohuo misuli ya mgongo, nyonga na mapaja imekaza kwa saa nyingi bila kupata nafasi ya kulegea.

Kwa hiyo niseme mapema: hakuna kiatu, hata kiwe kizuri vipi, kitakachochukua nafasi ya kusogea. Hamisha uzito kutoka mguu huu kwenda ule. Inua visigino mara kadhaa. Weka mguu mmoja juu ya kibao kifupi, kisha ubadilishe. Ukipata dakika chache za kukaa, kaa bila kuona haya. Kama sakafu ni ya saruji na kituo chako cha kazi hakihami, zulia nene la mpira chini ya miguu linapunguza uchovu. Kiatu kinafanya kazi yake vizuri juu ya mazoea hayo.

Namba yangu naijua tangu ujana. Nipimwe tena ya nini?

Kwa sababu huenda mguu ulioujua ujanani sio ulio nao leo. Umri unavyosonga, kano zinalegea, upinde wa unyayo unashuka kidogo, na mguu unarefuka na kupanuka. Kuongezeka uzito kunafanya hivyohivyo. Ujauzito nao huvimbisha miguu, na baadhi ya wanawake hubaki na mguu mrefu zaidi hata baada ya kujifungua.

Tena namba yenyewe haisemi mengi. Kwa vipimo vya Ulaya, kutoka namba moja hadi inayofuata ni tofauti ya theluthi mbili za sentimita ya urefu. Upana haumo, wala kimo cha mguu kwa juu. Kila kampuni ina kalibu zake, ndiyo maana namba 41 ya hapa inakubana na 41 ya pale inakupwaya.

Fanya hivi. Nenda dukani alasiri au jioni, ikiwezekana baada ya zamu, mguu ukiwa umevimba kama unavyovimba kazini. Vaa soksi unazovaa kazini. Pima miguu yote miwili ukiwa umesimama. Kwa watu wengi mmoja ni mkubwa kuliko mwenzake, na huo mkubwa ndio wa kununulia. Kama soli ya ndani inatoka, itoe uisimamie. Mguu ukimwagika nje ya ukingo wake, kiatu hicho ni chembamba kwako, hata kama kikivaliwa kinaonekana kukaa sawa. Kama haitoki, chora mguu wako kwenye karatasi nyumbani, ukate umbo lake na ulitie ndani ya kiatu uone kama linajikunja.

Mbele ya kidole kirefu kuliko vyote, ambacho kwa wengine ni cha pili na si gumba, ibaki nafasi ya karibu sentimita 1, yaani kama nusu ya upana wa kidole gumba cha mkono. Vidole viweze kuchezacheza. Kisigino, kwa upande wake, kishikwe: ukitembea kisichomoke. Kiatu cha kufunga kwa kamba kina faida hapa, maana unaweza kukilegeza kadiri mguu unavyovimba. Ukikifunga, gonga kwanza kisigino chini ili mguu urudi nyuma, ndipo uvute kamba.

Muuzaji anasema kinabana kwa sababu ni kipya, kitalegea. Nimwamini?

Hapana. Ngozi halisi hupanuka kidogo kwa upana, vifaa vya plastiki kwa shida sana, na urefu hauongezeki kabisa. Kinachokubana dukani kwa dakika tano kitakubana kazini kwa saa kumi, na mguu ndio utakaojirekebisha: malengelenge, sugu, ukucha unaoota kuingia nyamani, vidole vinavyojikunja. Ile nundu inayotokea ubavuni mwa kidole gumba mara nyingi hurithiwa katika ukoo, lakini kiatu chenye ncha nyembamba huizidishia maumivu na kuikuza haraka.

Hata kiatu kinachokaa vizuri, kivae saa chache nyumbani kwanza kabla ya kukipeleka kwenye zamu nzima. Hapo utajua kama kuna mshono unaochubua, nawe bado unaweza kukirudisha.

Kiatu laini kuliko vyote ndicho bora, au sivyo?

Hili ndilo kosa ninalotamani watu waliache, kwa sababu linawagharimu wenye nia nzuri. Ulaini mwingi unapendeza kwa dakika za kwanza. Baadaye sponji inazama, mguu unayumba ndani yake, na misuli midogo ya unyayo na kifundo inafanya kazi ya ziada kukuweka wima kutwa nzima. Unachotafuta ni sponji inayobonyea kidogo kisha ikarudi.

Kishike kiatu mkononi ukijaribu. Kikunje: kinapaswa kukunjika pale vidole vinapoanzia, si katikati. Kikikunjika katikati, hakitaubeba upinde wa unyayo wako. Kisokote kama unayekamua nguo: kikisokotwa kwa urahisi, kiache. Kisha bonyeza ukuta wa nyuma unaozunguka kisigino. Uwe mgumu, usilale chini ya kidole chako.

Kisigino kiwe na urefu gani?

Sentimita 2 hadi 3 zinawafaa wengi. Mchuchumio unasukuma uzito wa mwili mbele, kwenye mifupa ya chini ya vidole, na ukivaliwa kila siku kwa miaka misuli ya shavu la mguu hufupika. Lakini kukimbilia ndara au kiatu bapa chenye soli nyembamba si suluhisho. Chini ya unyayo kuna utando mgumu unaotoka kisigino hadi vidole. Kiatu kisichouinua wala kuutuliza kinauvuta siku nzima. Ukivutwa sana unauma, hasa kwenye hatua za kwanza ukishuka kitandani asubuhi.

Nina unyayo bapa. Lazima ninunue soli maalumu za kuweka ndani?

Kama hauumi, hapana. Watu wengi wenye unyayo bapa husimama na kutembea bila tatizo lolote. Kama unauma, soli ya kuingiza inaweza kusaidia, hata ile isiyotengenezwa kwa kipimo chako. Ila inakula nafasi. Ibebe unapokwenda kununua kiatu, utoe iliyomo, uweke yako, ndipo ujaribu.

Kazini tunapewa buti za usalama na zinaniumiza. Nivae raba zangu?

Usizivue mahali ambapo kitu kizito kinaweza kukuangukia. Buti zilizotengenezwa kwa kiwango cha kimataifa cha ISO 20345 zina kofia ya vidole inayostahimili pigo la joule 200, karibu sawa na kilo 20 zikianguka kutoka mita 1. Raba haiwezi.

Omba saizi nyingine, au buti pana zaidi. Kofia hiyo hailegei kamwe, kwa hiyo kama vidole vinaigusa leo vitaigusa mpaka buti zichakae. Zipo pia zenye kofia isiyo ya chuma, nazo mara nyingi ni nyepesi zaidi. Na kama kazi yako haina hatari ya kuangukiwa, mathalani hospitali au jikoni, kuna kiwango cha ISO 20347 kwa viatu vya kazi visivyolazimika kuwa na kofia. Hapo cha kuangalia zaidi ni soli isiyoteleza kwenye maji na mafuta.

Na soksi?

Pamba tupu hunywa jasho ikabaki nalo, na ngozi iliyolowa huchubuka upesi. Sufu laini au nyuzi za sintetiki zinazopitisha jasho ni bora. Beba jozi ya kubadilisha katikati ya zamu. Soksi za kubana, zile zinazokaza zaidi kwenye kifundo, hupunguza uvimbe wa jioni. Mwenye kisukari au tatizo la damu kutofika vizuri miguuni amwone daktari kabla ya kuzivaa.

Jozi moja inatosha? Nitajuaje kuwa imekwisha?

Ukiweza, pata mbili uzivae kwa zamu. Kiatu kilichonyonya jasho kinahitaji kama siku nzima kukauka, na unyevu ndio unaolisha fangasi wa katikati ya vidole.

Kuhusu kuchakaa, usingoje soli itoboke. Sponji hufa kabla ya ngozi. Viweke mezani uvitazame kwa nyuma: vikiinama upande mmoja, vimekwisha. Mikunjo iliyojaa ubavuni mwa sponji, au miguu na magoti kuanza kuuma bila kazi kubadilika, ni dalili hiyohiyo. Kwa anayesimama kila siku, wengi hufikia hapo kati ya miezi sita na mwaka.

Nina kisukari. Kuna tofauti?

Ipo, tena kubwa. Kisukari kinaweza kuua hisia za miguu, na asiye na hisia hatasikia kiatu kikimchubua. Kidonda kidogo kinaweza kufika kwenye mfupa. Kila siku ingiza mkono ndani ya kiatu kabla ya kukivaa, utafute kokoto au mshono uliochomoza. Kila jioni kagua nyayo na katikati ya vidole, kwa kioo au kwa msaada wa mtu wa nyumbani. Usipime kiatu kwa kusema "sisikii kubanwa". Tumia karatasi au soli ya ndani kama ilivyoelezwa juu. Lengelenge, wekundu au kidonda chochote kipelekwe kliniki bila kuchelewa, na sugu usizikate mwenyewe.

Maumivu gani yasingoje kiatu kipya?

Ya kisigino yasiyopungua baada ya wiki kadhaa za viatu vizuri na kunyoosha misuli ya shavu la mguu. Ganzi au kuwaka moto kusikoisha, hasa kati ya kidole cha tatu na cha nne. Uvimbe wa miguu yote miwili usioshuka baada ya kulala usiku kucha, kwani unaweza kutoka kwenye moyo, figo au ini. Na kama mguu mmoja tu umevimba, una joto na shavu lake linauma, nenda hospitali siku hiyohiyo: huenda damu imeganda ndani ya vena. Ukianza kukosa pumzi au kuumwa kifua pamoja na hayo, hiyo ni dharura, usimalize zamu.