Sini kwenye modela ya gitaa: maana yake na namna ya kuipanga chini ya mguu

Modela ni mashine inayoiga ampu, kabineti na pedali za gitaa kwa hesabu za kidijitali. Anayeitumia jukwaani hukutana na maneno mawili yanayokaribiana, priseti na sini, na asipoyatenganisha sauti yake itakatika katikati ya wimbo.

Priseti ni nyumba nzima: ampu ipi imo, kabineti ipi, dilei (mwangwi unaorudia sauti) iko wapi, vyote vimeungwa kwa mpangilio gani. Sini ni hali ya taa ndani ya nyumba hiyohiyo: chumba hiki kimewashwa, kile kimezimwa, hapa mwanga umepunguzwa. Ukibadili sini hakuna kinachojengwa upya. Kwenye Helix ya Line 6 sini huitwa snapshoti, nazo ni 8 kwa kila priseti. Axe-Fx III ya Fractal Audio inazo 8 pia, na Quad Cortex ya Neural DSP inazo 8, kuanzia A hadi H. Kemper imekwenda njia nyingine: ina kurasa zinazoitwa Performance, na kila ukurasa una nafasi 5, kila nafasi ikiwa na sauti iliyokamilika.

Tofauti hiyo ina uzito kwa sababu ya kazi ya prosesa. Ukihama priseti, prosesa hutoa bloki (vipande kama ampu, kabineti au dilei) za zamani na kupakia mpya, na kwenye mashine nyingi gitaa hunyamaza katika muda huo mfupi. Mkia, yaani sauti inayoendelea kufifia, wa dilei na rivabu (mvumo kama wa ukumbi) kwa kawaida hukatwa nao. Ukihama sini, bloki zote tayari zimo ndani zikifanya kazi, kwa hiyo sauti hupita bila pengo. Hata hivyo mkia hautabaki wenyewe kwenye Helix. Ingia kwenye bloki ya dilei na ya rivabu, uwashe kipengele cha Trails. Kikiwa kimezimwa, dilei itakatika papo hapo sini inapoizima, na mtu atadhani mashine ni mbovu.

Sini nayo ina mipaka. Kwenye Helix inakumbuka bloki ipi imewashwa na ipi imezimwa, tempo, na thamani za hadi vipengele 64 ulivyoviteua, lakini haiwezi kubadili ampu moja kuwa nyingine. Ukitaka ampu mbili lazima zote mbili ziwe kwenye mnyororo, moja ikiwaka na nyingine imezimwa, na zote zinakula nguvu ya prosesa. Axe-Fx III imelitatua hili kwa kuipa bloki chaneli 4, na kila chaneli ya ampu inaweza kuwa ampu tofauti kabisa, kisha sini inachagua chaneli.

Je, utengeneze priseti moja kwa kila wimbo, au moja kwa usiku mzima? Bendi yenye orodha isiyobadilika, mfano kwaya inayopiga nyimbo zilezile kwa tempo ileile kila ibada, inafaidika na priseti kwa kila wimbo, zikiwa zimepangwa kwa mfuatano wa orodha. Kuhama hufanyika kati ya wimbo na wimbo, ambapo pengo halimsumbui mtu. Bendi ya dansi au ya harusi, ambako mteja anaomba wimbo na kiongozi anaingia bila onyo, inahitaji priseti moja yenye sini 8 za kazi zote. Hapo kutafuta priseti kwa mguu ni kuchelewa sebene.

Mpangilio unaofanya kazi vizuri kwa bendi ya namna hiyo ni huu. Safu ya swichi iliyo karibu na wewe ibebe sauti nne zinazotumika zaidi: 1 safi na kavu kwa rithimu, 2 safi yenye korasi na dilei fupi kwa solo ya sebene, 3 ovadraivu nyepesi, 4 solo yenye ovadraivu. Safu ya mbali ibebe zinazotokea mara chache: rivabu ndefu ya nyimbo za taratibu, tremolo, wawa, na sauti nyembamba ya utangulizi. Mguu ukivuka juu ya safu ya karibu kufikia ya mbali, kugusa swichi isiyotakiwa ni rahisi, ndiyo maana sauti za haraka hazikai mbali. Na kama una priseti kumi, sini ya 4 iwe solo katika zote kumi. Mguu hujifunza mahali, hausomi jina kwenye kioo.

Sauti kubwa na ndogo ndipo wengi huharibikiwa. Priseti iliyotengenezwa kwa hedifoni nyumbani huwa na besi nyingi na trebo kali, kwa sababu sikio husikia besi na trebo kwa udhaifu zaidi volumu ikiwa ndogo, na mtu huziongeza kufidia. Jukwaani, besi hiyo hugongana na gitaa la besi na teke la ngoma. Sawazisha kwa volumu ya jukwaa, kupitia spika au monita, huku ngoma ikipigwa. Kwenye bloki ya kabineti kata chini ya hezi 80 hadi 100, na juu ya hezi 6,000 hadi 8,000. Usiamini mita peke yake: gitaa safi lina vilele vikali, lakini wastani wake uko chini kuliko ovadraivu iliyobanwa, kwa hiyo mishale miwili iliyo sawa bado huleta sauti mbili zisizo sawa masikioni.

Solo iongezwe baada ya ampu. Ukiongeza geini kabla ya ampu iliyokwisha kuchafuka, unaongeza uchafu tu na solo inazidi kuzama. Chukua kiwango cha bloki ya mwisho au Channel Volume ya ampu, kiteue kidhibitiwe na snapshoti, na kwenye sini ya solo kipandishe desibeli 3. Ikizidi 4, fundi mitambo atakushusha kwenye mikisa, na rithimu yako itapotea pamoja nayo.

Kuna mtego mwingine kwenye Helix unaoitwa Snapshot Edits. Ukiwa kwenye Recall, marekebisho uliyoyafanya kwenye sini hubaki unapokwenda sini nyingine na kurudi. Ukiwa kwenye Discard, yanafutika ukihama kabla ya kuhifadhi. Chagua moja kabla ya kuanza kazi, na hifadhi kila baada ya sini moja.

Kama kidhibiti cha mguu ni tofauti na kinazungumza kwa MIDI (lugha ya vifaa vya muziki kupeana amri), chaneli ya pande zote mbili lazima ifanane, kati ya chaneli 16 za MIDI. Helix hupokea namba ya snapshoti kwa CC 69 (ujumbe wa kudhibiti namba 69): thamani 0 ni ya kwanza, 7 ni ya nane. Kosa linalochanganya watu sana ni swichi iliyowekwa kutuma ujumbe inapokanyagwa na mwingine inapoachiwa. Ule wa kuachia mara nyingi ni 0, nao unakurudisha sini ya kwanza kila ukiinua mguu. Ondoa ujumbe wa kuachia, tatizo linakwisha. Priseti zikiangukia moja mbele au moja nyuma, kifaa kimoja kinahesabu kuanzia 0 na kingine kuanzia 1. Waya wa MIDI wa pini 5 usizidi mita 15.

Pedali ya ekspresheni inataka waya wa stereo wenye pete mbili nyeusi kwenye kichwa. Waya wa kawaida wa gitaa una pete moja, na nao pedali itaruka ovyo au haitafanya kitu.

Kabla ya kusasisha programu ya mashine, na tena usiku wa kuamkia shoo, toa nakala ya priseti zote kwenye kompyuta na nyingine kwenye flashi inayokaa ndani ya begi la gitaa.