Redio za jamii na media za wanaharakati: tunayoambiwa na hali halisi

Kila zikitajwa redio za jamii au media za wanaharakati kuna maneno yanajirudia yaleyale, na mengine yanasemwa na watu wenye uwezo wa kuamua nani apewe masafa na nani anyimwe, ndo maana nimeona tuyaangalie moja moja. Mengine nitayapita haraka, ila mawili matatu yana madhara makubwa na hayo nitakaa nayo.

"Redio ya jamii ni ile inayoongea kilugha."

Hapana jamani. Hili limezaa makosa mengine mengi. Redio inakuwa ya jamii kwa sababu ya nani anaimiliki, nani yuko kwenye bodi, nani anaweza kuingia studio kesho asubuhi akauliza mbona hamjasema kitu kuhusu kile kisima kilichoharibika, na hela ikipatikana inaenda wapi. Lugha inafuata baadaye. Redio Mang'elete kule Makueni, Kenya, inarusha kwa Kikamba tangu 2004, lakini ni ya jamii kwa sababu vikundi vya kina mama ndo vilivyoianzisha. Ukienda Kibera, Pamoja FM iliyoanza 2007 inaongea Kiswahili maana pale kuna watu wa kila kabila, nayo ni ya jamii vilevile. Halafu kuna stesheni kibao zinaongea kilugha toka alfajiri mpaka usiku na ni biashara ya mtu binafsi, anauza matangazo yake na hakuna mwanakijiji anayeweza kumuuliza chochote.

"Hizo redio ndogo ndo zinachochea, si mnakumbuka Rwanda?"

Tunakumbuka, na ndo sababu inabidi tuseme ilivyokuwa. RTLM, redio iliyochochea mauaji ya kimbari ya 1994, ilianza kurusha Julai 1993 na haikuwa redio ya kijiji wala ya mtaa. Ilikuwa kampuni yenye wanahisa, wafanyabiashara wakubwa na watu wa karibu na serikali, rais Habyarimana mwenyewe akiwa na hisa humo. Kesi yao ilisikilizwa hapa hapa Arusha, na Desemba 2003 mahakama ikawatia hatiani Nahimana na Barayagwiza waliokuwa nyuma ya RTLM, pamoja na Ngeze wa gazeti la Kangura. Hao walikuwa watu wa juu wenye chombo chao, wananchi hawakuwa na njia ya kuwasimamisha, kwa hiyo anayetumia RTLM kama sababu ya kuwanyima leseni kina mama wa kijijini anatumia mfano unaompinga mwenyewe.

Kenya nayo, ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007 zilivyowaka, zilizolaumiwa sana ni redio za kibiashara za kilugha (mtangazaji mmoja wa Kass FM alifikishwa hadi ICC, mahakama ya kimataifa ya jinai, na kesi ikasitishwa Aprili 2016), wakati Pamoja FM ilikuwa katikati ya Kibera, moto umezunguka pande zote, inawaomba vijana watulie. Na walisikilizwa kwa sababu waliokuwa wanaongea ni majirani zao. Mtu ukijua kesho utapanda naye matatu moja, huwezi kumtukana hewani leo.

Sisemi redio ya jamii haiwezi kupotoka, inaweza, hasa mwanasiasa akishaingia na bahasha. Ila hatari inakuja pale wenyeji wanaponyang'anywa usukani.

"Haya mambo ni mapya, yamekuja na NGO na intaneti."

Homa Bay, Kenya, walikuwa na redio ya jamii mwaka 1982, transmita ndogo, msaada wa UNESCO, inaongea Dholuo. Serikali ikaifunga 1984. Miaka miwili tu. Inabidi tujiulize leo Nyanza ingekuwa na nini kama ingeachwa.

"Ukirusha kipindi kizuri watu watabadilika."

Hili linasemwa na marafiki wa redio za jamii, wala si maadui, na mi naona linaharibu zaidi kuliko maneno ya maadui. Mradi unakuja, vipindi vya ukatili wa kijinsia vinarekodiwa, vinarushwa, ripoti inaandikwa kwamba watu kadhaa wamefikiwa, halafu mradi umeisha na yule mwenyekiti wa kijiji bado anamalizia kesi za ubakaji kwa faini ya mbuzi.

Angalia walivyofanya Pangani, Tanzania. Shirika la UZIKWASA walikuwa vijijini kwanza, wanafanya kazi na viongozi wa vijiji na wanawake juu ya jinsia na uongozi, ndo 2009 ikaja Pangani FM. Redio ikakuta mazungumzo yameshaanza ikayapeleka mbali zaidi. Mtu akilalamika hewani, kijijini tayari kuna kundi la kulibeba lile lalamiko mpaka kwenye mkutano. Bila hilo kundi, lalamiko linaishia hewani.

Bukavu, mashariki mwa Kongo, vilevile. Radio Maendeleo ilianza 1993 ikiwa imebebwa na mashirika ya wenyeji, na wakati wa vita waasi wa RCD waliifunga zaidi ya mara moja. Chouchou Namegabe alijifunzia kazi pale, na 2003 yeye na wenzake waandishi wanawake wakaunda chama chao, AFEM. Wakaanza kuwapa kipaza sauti wanawake waliobakwa wasimulie wenyewe, katika mji ambao jambo hilo lilikuwa linafichwa hata ndani ya familia. Lakini hawakuishia kurusha. Kulikuwa na vikundi vya kusikiliza, watu wanakaa pamoja, kipindi kikiisha wanajadili, kulikuwa na hospitali ya Panzi ya Dk. Mukwege ya kumpeleka mtu, kulikuwa na mashirika ya wanawake yaliyoikaba serikali mpaka Julai 2006 ikapatikana sheria mpya ya ukatili wa kingono, na Mei 2009 Namegabe mwenyewe akaenda kusema mbele ya Seneti ya Marekani. Ubakaji haukuisha, Kivu bado inaumia mpaka leo, lakini aibu ilianza kuhama kutoka kwa aliyetendewa kwenda kwa mtenda, na hayo ni mabadiliko ya kweli.

"Mwanaharakati si mwandishi, ana upande."

Ana upande ndiyo. Swali ni je, alichosema ni kweli? Redio ya RPA ya Burundi, iliyoanzishwa 2001, haikuficha kwamba iko upande wa wanyonge. Masista watatu wa Kiitaliano walipouawa Kamenge, mtaa wa Bujumbura, Septemba 2014, RPA ilichunguza, na Januari 2015 ikarusha sauti ya mtu aliyesema alishiriki mauaji hayo. Mkurugenzi wake Bob Rugurika akawekwa ndani. Alipotoka Februari, watu walijaa barabarani kumpokea. Wananchi hawajai barabarani kwa ajili ya porojo. Jaribio la mapinduzi la Mei 2015 lilipotokea, RPA na stesheni nyingine zikashambuliwa na kuharibiwa.

"Redio imekufa, sasa hivi ni simu, na simu haifungiki."

Nusu yake kweli. Waandishi wa Burundi baada ya stesheni zao kuchomwa walihamia mtandaoni, SOS Médias Burundi ilizaliwa mwezi huohuo wa Mei 2015, habari zikawa zinapita WhatsApp na Facebook. Na Kenya 2024 tuliona wenyewe, vijana walichukua Muswada wa Fedha wakautafsiri kwa lugha za nyumbani, wakauchambua TikTok na X, tarehe 25 Juni watu wakaingia bungeni, wengine wakauawa kwa risasi, kesho yake Ruto akasema hausaini.

Ila hiyo ya haifungiki si kweli. Siku ileile ya 25 Juni intaneti iliyumba Kenya. Tanzania, kanuni za maudhui ya mtandaoni za 2018 zilitaka mwenye blogu alipe kama milioni mbili na laki moja za leseni, na jukwaa la mtandaoni la JamiiForums ikabidi lizime kwa muda Juni mwaka huo. Na bibi wa Simanjiro asiye na bando bado anasikiliza redio ya betri, akichunga au akipika, bure.

"Wanajitolea, kwa hiyo haina gharama."

Umeme unalipwa. Leseni inalipwa. Radi ikipiga transmita, fundi anatoka mjini na nauli yake. Kenya kanuni zinawataka wachukue matangazo yanayohusu eneo lao tu, na kwenye mtaa wa mabanda mwenye duka la kutangaza ni nani? Kijana anajitolea anajifunza kazi, akishaiva redio kubwa inamchukua, wanaanza upya na mwingine. Wakati huo ndo anapotokea mgombea na ahadi ya kulipa bili zote mpaka uchaguzi uishe, na mara nyingi ni yeye peke yake aliyebisha hodi, maana sisi wasikilizaji tunaoisifia hatujawahi kuuliza hata ada ya uanachama ni shilingi ngapi.