Tangi lililokuwa mbele ya magoti ya Nicolson

Watu wakianza kubishana kuhusu marubani wa Uingereza wa vita ya pili ya dunia, hesabu huwa ni moja tu: fulani kaangusha ndege ngapi. Atatajwa Johnnie Johnson, atatajwa Bob Stanford Tuck, atatajwa Douglas Bader aliyerusha ndege akiwa na miguu ya bandia. James Brindley Nicolson hatajwi, au akitajwa utasikia "huyo si moja tu?" Mimi kwa kazi ni fundi wa ndege, sehemu kubwa ya siku zangu iko kwenye mifumo ya mafuta, na nikisikia hiyo kauli naona kabisa mtu hajui jamaa alikuwa amekaa kwenye nini siku ile, kwahiyo acheni niieleze kutokea upande wa tangi.

Kwanza mjue hivi. Victoria Cross ndo nishani kubwa kuliko zote za Uingereza kwa ushujaa mbele ya adui, na kile kikosi chao cha ndege za kivita, Fighter Command, kwa vita nzima kilipata moja tu. Kwenye mapambano ya angani ya 1940 peke yake waliruka watu karibu 3,000. Moja ikatoka, na ni ya Nicolson.

Sasa ndege. Alikuwa anarusha Hawker Hurricane, injini Rolls-Royce Merlin, bunduki nane kwenye mabawa. Ilikuwa na matangi matatu, mawili makubwa kwenye mabawa, galoni 33 kila moja, na la akiba la galoni 28, hizo ni kama lita 127. Hilo la akiba walilipachika kati ya injini na dashibodi, yaani rubani kakaa, mbele yake kuna saa na mita zake, na nyuma tu ya hizo mita kuna petroli. Mtu atauliza walikuwa wanafikiria nini, lakini kiufundi ina mantiki, pale ni karibu na kitovu cha uzito kwahiyo mafuta yakipungua ndege haiyumbi mizani, na tangi likiwa juu mafuta yanashuka yenyewe. Shida ni risasi. Matangi ya mabawa yalivalishwa mpira maalum unaojiziba ukitobolewa, hili la mbele mwanzoni likaachwa bila. Likitobolewa na kushika moto, moto unakuja moja kwa moja mapajani na usoni, na rubani akifungua kioo cha juu ili aruke, upepo unauvuta moto umfuate. Madaktari waliowapokea vijana wa Hurricane walikuwa wanaona majeraha yaleyale kila mara, uso na mikono. Baadaye hilo tangi nalo likaanza kuvalishwa mpira.

Tarehe 16 Agosti 1940 Nicolson alikuwa na miaka 23, luteni wa anga wa skwadroni ya 249 ambayo ilikuwa ndo kwanza imehamia kituo cha ndege cha Boscombe Down, kusini mwa Uingereza, na alikuwa hajawahi kupambana na adui hata mara moja. Karibu na Southampton wakapigwa ghafla. Ndege yake ikala makombora manne, mawili yakamjeruhi yeye, jicho na mguu, na jingine likawasha lile tangi. Akajiandaa kuruka, na hapo ndo akaona ndege ya Mjerumani mbele yake, kwa kawaida husimuliwa kuwa ni Messerschmitt 110. Akarudi kukaa. Akaifuata akifyatua huku chumba kinaungua, na mwenyewe alisimulia baadaye jinsi mkono wake wa kushoto, ulioshikilia kishikio cha kuongezea injini nguvu, ulivyokuwa ndani ya moto wenyewe unatoka malengelenge. Jamani, mkono huo kazi yake ni kusukuma mbele na kubaki palepale! Ukiuachia tu ili uuokoe, injini inalegea na shabaha inapotea. Kila sekunde aliyouacha pale aliiamua upya.

Baada ya hapo ndo akaruka. Akiwa kwenye parachuti ikapita ndege ya adui, akajilegeza kama maiti. Alipojiangalia akaona damu inatoka kwenye matundu ya kamba za kiatu. Alipokaribia ardhi, mgambo wa Home Guard akampiga kwa bunduki ya kuwindia akidhani ni Mjerumani. Kijana mwenzake wa msafara ule, Martyn King, naye aliruka lakini parachuti yake haikumfikisha salama, akafa. Siku moja, skwadroni moja, na ni mambo ya dakika chache tu.

Nishani ilitangazwa tarehe 15 Novemba 1940 na Mfalme George wa Sita akamvisha mwezi huohuo. Kuna wanaobishana hadi leo kama ile ndege kweli ilianguka. Tangazo rasmi linasema aliiangusha, mimi naona hata isingeanguka bado ningempa, kwasababu kinachopimwa ni alichoamua akiwa ndani ya moto.

Watu wengi wanaishia hapo na hilo ndo linaniuma, maana vita yake ilikuwa bado mbichi. Ilimchukua karibu mwaka kupona. Angeweza kukaa ofisini, nani angemlaumu? Akaenda India 1942, na kuanzia Agosti 1943 mpaka Agosti 1944 akaongoza skwadroni ya 27 wakipiga Burma kwa Beaufighter na Mosquito, ndege za injini mbili, wakiruka chini chini kufuata reli na mito, kulipua vichwa vya treni na mashua za Wajapani. Mosquito ni ya mbao za gundi, na gundi za mwanzo hazikupatana kabisa na joto na unyevu wa kule, mafundi walihangaika sana. Ni vita ileile ya Burma ambayo askari wa KAR (King's African Rifles) kutoka huku kwetu Afrika Mashariki waliingia 1944, wakapigana bonde la Kabaw kwenye mvua na matope. Kwa kazi ya kule Nicolson akapata nishani nyingine, Distinguished Flying Cross.

Tarehe 2 Mei 1945, siku sita tu kabla ya Ujerumani kusalimu amri, alipanda Liberator, ndege ya kudondosha mabomu, ya skwadroni ya 355 kama mtazamaji, hakuwa hata rubani wa safari ile. Injini ikashika moto, ndege ikaanguka Ghuba ya Bengal. Alikuwa na miaka 28, mwili haukupatikana, jina lake liko kwenye mnara wa kumbukumbu Singapore. Mwaka 1983 Victoria Cross yake ikauzwa mnadani kwa pauni 110,000, na mnunuzi alikuwa makumbusho ya jeshi la anga la Uingereza.